Mti namba 17 una kosa gani?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua na unisamehe kama itakuwa ndefu, hili jambo nimekaa nalo wiki tatu sasa na kila nikisema nilifupishe linazidi kurefuka. Ni kuhusu bustani ya mtaani kwetu, hii ambayo jiji linasema linaiboresha. Niseme mapema kabla mtu hajaniita mpinga maendeleo, mimi nataka mabenchi. Nataka taa, nataka vyoo ambavyo milango yake inafungika, nataka njia ambayo mtu wa kiti cha magurudumu anapita mwenyewe bila kusukumwa na watu wawili, na pale lango la chini mvua ikinyesha ni tope mpaka kwenye kifundo cha mguu kwahiyo hata hapo wakipasawazisha nitashukuru. Mradi sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni miti.

Tuliamka asubuhi moja tukakuta miti imepigwa X nyekundu ya rangi ya kupuliza, bado mbichi, nyingine imechuruzika kwenye gome kama inatoka damu (najua nasema kama mtoto lakini ndivyo ilivyoonekana), na kila mti umegongelewa kibati kidogo chenye namba. Hakuna aliyekuja kugonga hodi. Tangazo lilikuwepo, siwezi kusema uongo, lilikuwa ndani ya kioo cha ubao wa matangazo, nusu yake imefunikwa na tangazo lingine la zamani, herufi ndogo kiasi kwamba nilipiga picha na simu nikaikuza ndio nikaweza kusoma. Ndani ya tangazo hakuna orodha ya miti. Hakuna mti gani, kwa sababu gani, nani ameukagua. Kuna maneno tu, "baadhi ya miti itaondolewa kupisha maboresho". Baadhi! Nilizunguka bustani nzima nikahesabu X nikapata 41.

Sasa kati ya hizo 41 mimi mwenyewe ambaye si mtaalamu naweza kukutajia ambayo inapaswa kwenda. Namba 6 imekauka, imekauka muda mrefu, gome linabanduka kwa mkono. Namba 29 imeinamia pale watoto wanapobembea na chini kwenye shina imeota uyoga mgumu ule wa kama sahani, na uyoga wa namna hiyo ukitokea chini ya shina mara nyingi maana yake kuna kuoza kunakoendelea ndani, ule bora ukatwe leo kuliko kesho, na nitakuja kuangalia wakiukata na sitalia. Kwahiyo sio kwamba tunataka kila kijiti kibaki. Tunachouliza ni namba 17.

Namba 17 ni ule mkubwa karibu na lango la juu, unaotangulia kuuona ukikata kona. Chini ya ule mti watu wanasubiria usafiri, wazee wanacheza bao la mchana, wanafunzi wanasomea pale kwasababu nyumbani kelele. Nilienda kuupima. Wataalamu wa miti wanapima unene wa shina kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka chini, kama usawa wa kifua hivi, nikachukua futi ya fundi cherehani ambayo ina sentimita 150 tu kwahiyo haikuzunguka, ikabidi jirani yangu abonyeze kidole pale ilipoishia halafu nianze upya kutokea kwenye kidole chake, tukapata mzunguko sentimita 283. Gawanya kwa 3.14 unapata upana wa shina sentimita 90. Andika hiyo 90 mahali maana nitairudia.

Kwenye mkutano (ulikuja kufanyika baadaye, baada ya kelele) tuliambiwa tusiwe na wasiwasi, kila mti utakaokatwa itapandwa 10. Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga, kisha nikarudi nyumbani nikakaa na kalamu. Miche wanayoleta unene wake ni kama mpini wa ufagio, tuseme sentimita 3. Watu wa misitu wakitaka kulinganisha miti hawahesabu vichwa, wanaangalia eneo la shina ukilikata kama unavyokata gogo. 90 gawanya kwa 3 ni mara 30, na kwa kuwa ni eneo unazidisha 30 kwa 30, inakuja 900. Yaani ili ufikie shina la namba 17 tu unahitaji mipini ya ufagio 900. Sisi tunapewa 10. Na hapo tunahesabu kana kwamba yote 10 itapona, wakati mche uliohamishwa unataka kumwagiliwa mfululizo miaka 2 au 3 ya mwanzo mpaka mizizi ishike, nikauliza bajeti ya kumwagilia iko ukurasa gani, nikajibiwa hilo litaangaliwa. Litaangaliwa. Tayari tunayo miche iliyopandwa kwa sherehe upande wa pili wa bustani, kila mmoja ukazungushiwa vibao vinne vya kuulinda. Vibao vipo mpaka leo vinalinda hewa.

Sababu waliyotoa kuhusu namba 17 ni kwamba una tundu. Kweli unalo, bundi anakaa humo, mtu mzima anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Lakini tundu peke yake sio kifo. Sehemu ya mti inayoishi ni ile ya nje, chini ya gome, ndimo maji na chakula vinapopita, ule moyo wa katikati ni mbao iliyokwisha kufa zamani na mti wenye afya unaweza kuishi miaka na miaka ukiwa na uwazi ndani, kama bomba la chuma ambalo liko wazi katikati na bado linabeba. Kinachotakiwa kujulikana ni ukuta uliobaki una unene gani. Na hilo linapimika! Kuna fundi anagonga shina kwa nyundo ya mti anasikiliza, huo ndio mwanzo, halafu kuna mashine ya kuingiza sindano nyembamba inayosoma ugumu wa mbao kadiri inavyoingia, na kuna vifaa vya kupitisha sauti kwenye shina vikachora picha ya ndani. Niliuliza ni kipi kati ya hivyo kilitumika kwa namba 17. Injinia, na namheshimu ni kijana mstaarabu, akasema "tuliangalia kwa macho". Sasa mwanangu kwa macho hata mimi nimeangalia.

Alafu kuna jambo ambalo linaniuma zaidi hata ya zile X na sijaona mtu akiliongelea, ni ile miti ambayo HAIKUPIGWA X. Ile ambayo ramani imeipaka kijani kwamba itabaki.

Jumatano ya wiki iliyopita katapila lilikuja kuchimba mtaro wa nyaya za taa. Mtaro umepita hatua nne kutoka namba 22, mti ambao unabaki, mzuri, unene wake unakaribiana na 17. Nikasimama pale nikaona kijiko kinavyoibuka na mizizi inaning'inia, mingine minene kama mkono wangu, haikukatwa ilichanwa, ncha zimebaki nyuzinyuzi. Watu wengi tunadhani mizizi ya mti inashuka chini moja kwa moja kama karoti. Hapana. Sehemu kubwa ya mizizi iko juu juu, ndani ya sentimita 60 za mwanzo, kwasababu mizizi nayo inapumua na hewa iko huko juu, na inatambaa kwenda nje hadi kupita kivuli cha matawi. Mtaro wa nyaya ulikuwa na kina gani? Karibu sentimita 60. Yaani wamepita palepale.

Kuna kanuni inayotumika, imo kwenye mwongozo wa Uingereza wa miti na ujenzi, BS 5837 wa mwaka 2012, chukua unene wa shina zidisha kwa 12 na hiyo ndiyo duara usiloligusa kuzunguka mti. Kwa shina la sentimita 90 ni mita 10.8. Piga hatua za kawaida zitafika kama 15. Mtaro umepita hatua nne. Na uzio wa kulinda mti unawekwa KABLA mashine haijaingia, sio baada, kwasababu hata bila kuchimba, gari zito likipita mara kadhaa juu ya udongo linaushindilia, vile vinafasi vya hewa vinafungwa, maji hayaingii, mizizi inakosa pumzi. Na wao chini ya namba 22 ndipo walipomwaga kokoto na kupaki katapila. Kwa nini? Nilimuuliza dereva.

"Mama, ni kivulini," akaniambia.

Nilicheka Mhariri, ningefanyaje. Akaongeza, "Mi naendesha tu mama, mchoro nimepewa." Na kwenye mchoro aliokuwa nao, nimeuona kwa macho yangu amenikunjulia juu ya boneti, miti ni viduara vya kijani vya ukubwa sawa, kipande cha sentimita moja, vyote sawa, mche na jitu. Aliyechora ule mchoro hajui kwamba chini ya kile kiduara kuna duara lingine kubwa.

Ubaya wa mti ni kwamba haufi siku unayoujeruhi. Ukikata mizizi leo unaweza kubaki na majani mwaka huu na mwakani, halafu mwaka wa tatu au wa tano unaanza kukauka kuanzia kileleni, na hapo mkandarasi keshalipwa keshaondoka, utakuja kusikia "mti umezeeka". Au upepo unaukuta hauna nanga unaulaza juu ya hayo mabenchi mapya.

Na wala hatuombi maajabu. Nyaya zinaweza kupitishwa kwa kutoboa chini kwa chini bila kufungua mtaro. Karibu na mizizi unaweza kuchimba kwa hewa ya mgandamizo inayopeperusha udongo na kuacha mizizi mizima, nyaya zikapita katikati yake. Njia ya miguu inaweza kujengwa juu ya ardhi badala ya kuchimbwa, kwa kokoto na vitofali vinavyopitisha maji. Au, hili ndilo la bei rahisi kuliko yote na ndilo lililowakasirisha, njia ipinde. Mchoro una njia iliyonyooka kama rula kutoka lango la juu hadi la chini na namba 17 imesimama katikati yake, hilo ndilo kosa lake. Tundu lilikuja kuonekana baadaye. Niliposema njia ipinde kidogo mita chache kushoto mmoja wa wakubwa akasema itaharibu mwonekano. Nairobi mwaka 2020 mkuyu mmoja uliozidi miaka 100 ulikuwa kwenye njia ya barabara ya juu kule Waiyaki Way, barabara kuu ya magari Mhariri, watu wakapiga kelele, mwezi wa 11 ukaamriwa ubaki na ukabaki kweli. Barabara ya magari imeweza kuheshimu mti, sembuse njia ya kutembea watu na mbwa wao.

Nimeambiwa pia kwamba barua hazisaidii. Labda. Lakini mwaka 1989 palepale Nairobi walitaka kuweka jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park na Wangari Maathai alianza na barua, akaandika huku akaandika kule, akatukanwa hadi bungeni, na jengo halikujengwa, bustani ipo. Simaanishi mimi ni Wangari, mimi ni mama mwenye futi ya cherehani. Nasema tu barua ni pa kuanzia.

Na kwa wale wa jiji wanaosoma ukurasa huu, maana najua mnasoma, angalieni yaliyowapata wenzenu wa Sheffield kule Uingereza. Walisaini mkataba wa miaka 25 wa matengenezo ya barabara mwaka 2012, ndani yake mna kukata miti ya pembezoni, wakaanza, ikafika kama 5,600, mingi ikiwa mizima kabisa. Novemba 2016 walikwenda mtaa mmoja alfajiri giza bado, na polisi, watu wakaamshwa vitandani kusogeza magari, na wastaafu wakakamatwa kwa kusimama chini ya mti. Mwaka 2018 kazi ikasimama. Uchunguzi huru ukaja kutoa ripoti mwaka 2023 na baraza la jiji likaomba radhi kwa watu wake. Mwaka huohuo wa 2023, wakati wenzao wanajiandaa kuomba radhi, Plymouth, mji mwingine wa hukohuko Uingereza, nao wakakata miti kama 110 usiku mmoja wa mwezi Machi na kiongozi wa baraza akaishia kujiuzulu. Miti ile haikurudi hata kwa radhi. Ninachowaomba msije usiku. Kama sababu ni nzuri itakuwa nzuri hata saa nne asubuhi.

Kuna jirani aliniambia, we mama unashughulika na miti wakati watu wana shida za maana. Nikamwambia twende. Tukaenda saa nane mchana, nikamwambia vua kiatu kanyaga pale kwenye vitofali vipya ambapo wameshakata, hakumaliza hata sekunde tatu, halafu nikamwambia kanyaga chini ya 17. Vipimo vya Marekani vinaonyesha sehemu yenye kivuli cha mti inaweza kuwa na ubaridi wa nyuzi 11 hadi 25 za Selsiasi kuliko kilele cha joto cha sakafu hiyohiyo ikiwa juani, na mbali na kivuli mti unatoa mvuke kwenye majani unaopoza hewa. Turubai linatoa kivuli lakini halipoozi hewa. Jirani akavaa kiatu akasema sawa nimeelewa, japo bado anasema natafuta udiwani. Sitafuti.

Na yule anayedhani ni mapambo tu, mwaka 1984 mtafiti anaitwa Roger Ulrich alichapisha utafiti wa wagonjwa wa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja Pennsylvania, waliokuwa na dirisha linaloangalia miti waliruhusiwa mapema na wakatumia dawa kali za maumivu kidogo kuliko waliokuwa wanaangalia ukuta wa matofali. Upasuaji uleule, hospitali ileile. Tena siku hizi wapangaji wa miji wana kipimo chepesi cha 3-30-300, alikileta Cecil Konijnendijk mwaka 2021, kila nyumba ione angalau miti 3, kila mtaa uwe na asilimia 30 ya kivuli cha miti, na kila mtu asiwe mbali zaidi ya mita 300 na bustani. Nimesimama dirishani kwangu na ule mchoro. Leo naona miti mitano. Baada ya maboresho nitaona mmoja, na huo mmoja ni namba 22.

Tunachotaka hakijazi hata ukurasa. Orodha ya miti yote 41, kila namba na sababu yake na jina la aliyeikagua na kwa kifaa gani, ibandikwe pale langoni kwa herufi za kusomeka, na msumeno usiwake mpaka watu wapate wiki mbili za kuisoma na kuuliza. Uzio kuzunguka inayobaki, leo, na zile kokoto ziondolewe juu ya mizizi ya 22. Mizizi iliyochanwa mtu aje aikate vizuri kwa msumeno mkali na afukie mtaro ule kabla haijakauka, hili halihitaji mkutano, ni kazi ya mchana mmoja. Na kijana injinia, ambaye nasema tena ni mstaarabu na aliniachia namba yake, aje tuuchore upya ule mstari wa njia.

Jumamosi saa kumi jioni nitakuwa chini ya 17. Futi ninayo, chokaa ya kuchora duara la mita 10.8 nimeshapata, nahitaji mtu wa kunishikia kamba upande wa pili maana jirani ana safari.

Mama wa nyumba ya lango la juu